Kebo Iliyopita Mlangoni Kwangu

Jumamosi, 8 Machi

Nalangu, una bahati uko Magadi, maana ungekuwa karibu ningekuchapa na mwiko mbele ya watu. Misimu miwili ya mvua imepita hujakanyaga hapa. Desemba ulisema nauli, Januari ukasema bosi, Februari hukusema kitu. Nikipiga simu unaniambia, "Yeyo, nitakupigia," halafu unapotea. Mama yako si mtu wa kupigiwa baadaye. Basi nimeamua kukuandikia. Siku yenye neno nitaandika neno, na siku utakayokuja utakaa hapa mbele yangu usome yote bila kuruka.

Na usicheke mwandiko. Shule sikuiona hata geti yake. Herufi nilifundishwa na mama mchungaji nikiwa tayari niko na wajukuu, na alitufundisha kwa Kiswahili, ndio maana sikuandikii Kimaa.

Habari yenyewe ni hii: binti yako anarudi. Resian. Wewe ulimzaa, mimi nikamlea, usisahau hiyo. Kampuni yao inabadilisha kebo ya faiba kutoka Athi River mpaka Kajiado, na yeye amepewa kuunga viungo vya huku Kitengela, kwa kujaribiwa, mpaka mvua iishe. Viungo vyake vikipita kipimo, anaandikwa kazi ya kudumu na kituo chake kitakuwa Kajiado. Hapo tu! Visipopita anarudishwa Eldoret kwa vibarua, na mimi nirudi kuongea na mbuzi.

Nimempaka chumba chokaa.

Jumatatu, 10 Machi

Amefika. Amekonda. Nimechinja jogoo.

Jumanne, 11 Machi

Leo amenionyesha hiyo kebo, kipande kimekatwa. Unene wake ni kidole changu cha mwisho. Nikamuuliza, hii ndiyo mnabebea Kitengela yote?

"Kokoo, ile ya zamani ilikuwa na nyuzi za kioo arobaini na nane. Hii iko na mia mbili themanini na nane. Na unene ni ule ule."

"Usinidanganye, mimi nilikufunga nepi."

Akacheka. Kicheko chake bado ni kile. Akaniambia bomba lililo chini ya barabara ni jembamba, na hawaruhusiwi kuchimba lami tena. Watu wameongezeka, penye ng'ombe zetu zilikuwa zinalala sasa ni magorofa, na kila mlango unataka intaneti. Kwa hivyo lazima wajaze nyingi zaidi ndani ya shimo lile lile.

"Kwa hivyo mmefanya kioo kiwe chembamba?"

"Kioo ni kile kile. Wamepunguza koti lake. Kila uzi unavaa koti la plastiki, sasa hilo koti ndilo jembamba. Halafu ona hapa." Akachomoa utepe wa nyuzi kumi na mbili zimelala bega kwa bega. "Zamani utepe ulikuwa mgumu kama rula. Ukiuweka ndani ya kitu cha mviringo, unaacha nafasi tupu pembeni. Huu umegundishwa hapa na pale tu, si kote." Akaukunja kwa vidole ukajifunga wenyewe, kama mimi asubuhi na shuka.

Nikamuuliza ubaya wake ni nini, maana mtu akisifu kitu mpaka mwisho simwamini.

"Ubaya ni kwamba unaunga zote kumi na mbili kwa mara moja. Mmoja ukiwa na uchafu, hata ule macho hayaoni, unakata zote uanze tena. Na kila ukikata, mkia wa kebo unapungua. Mkia ukiisha hakuna kiungo, na mimi sina kazi."

Hapo hakucheka.

Alhamisi, 13 Machi

Mbuzi wa kahawia amezaa. Mvua bado. Resian amekula vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Unamkumbuka Mama Felix, jirani wa ua wa pili? Evalyne Nalianya, mjane wa yule mzee wa Bungoma aliyekuwa kiwanda cha simiti. Yule mwenye tailizi mpaka chooni. Leo ameleta chapati, amezifunika na kitambaa cha maua. Hakuna aliyeomba chapati. Nilikuwa nimepika ugali na maini.

"Takwenya, Mama Nalangu! Nimesikia mtoto amekuja."

"Iko," nikaitikia salamu yake ya Kimaa. "Amekuja kwetu, ndiyo."

Resian amekula chapati zote. Maini alisema atakula kesho. Maini ya kesho!

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza na imeanza vibaya. Niko na mambo ya kukwambia, kaa vizuri.

Hawa watu wako na gari maalum la kuungia, limefungwa kama friji ili vumbi lisiingie. Hilo gari limezama kwa udongo mweusi huko Isinya mpaka vioo. Na shimo la simiti ambamo kebo ya upande wa Nairobi na ya upande wa Kajiado zinakutana, liko wapi? Liko getini kwangu. Nikajua Mungu ameamua. Wataungia kwangu.

Bosi wao ni injinia anaitwa Ouko, mtu mrefu, mpole, mwenye haraka. Aliingia sebuleni, akasimama, akavuta pua.

"Mama, hapa kunapikwa na kuni?"

"Ulitaka nipike na nini, maombi?"

Akacheka mpaka akashika mlango, lakini macho yake yalikuwa yanazunguka kwa dari. "Mama, nakuheshimu sana. Lakini hii kazi haitaki moshi. Hata kidogo. Moshi ukigusa kioo, tumekwisha. Tena hawa mbuzi..."

"Mbuzi wamekukosea nini?"

"Nywele, Mama."

Hapo ndipo nikasikia sauti ya Mama Felix kwa ua. Hakuna aliyemwita. "Injinia! Kwangu ni gesi tu. Na madirisha yangu yanafunga kabisa."

Nalangu, niliwaona kwa macho haya. Walivuta mkia wa kebo kutoka kwa shimo lililo getini kwangu, ukapita mbele ya mlango wangu, ukapita chini ya kamba yangu ya nguo, ukaingia kwa dirisha la Mama Felix. Sasa nikitaka kwenda kwa mbuzi wangu, lazima niinue mguu nivuke kitu kinachoenda kwake.

Jioni Resian akafunga begi. "Nguo zangu zinashika moshi, Kokoo. Nikilala huku, kesho nauingiza kwa kazi. Ni mpaka tumalize tu."

"Miaka yote uliyokula hapa moshi haukukuua."

"Kokoo..."

"Enda. Usisahau kandambili."

Ameenda. Chokaa ya chumba bado inanuka mpya.

Ijumaa, 21 Machi

Siandiki. Niko na hasira.

Jumapili, 23 Machi

Nilipita karibu na ua kutafuta kuku. Si kuchungulia. Nikasikia Resian anasema, "Kukhu, chumvi iko wapi?" Kukhu! Hilo ni neno la kwao Mama Felix, la kuita bibi. Kokoo ni nani basi? Na kuku sikumpata.

Jumatano, 26 Machi

Nilimtumia Resian maziwa kwa kibuyu, kile kidogo chenye shanga, nimekisafisha mwenyewe. Wewe unajua, kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa porini, mpaka kiwe kaa jekundu, unakiingiza, unasugua ndani, unafunika, moshi unakaa humo. Maziwa ya kibuyu kama hicho hayaharibiki na mtoto hashiki tumbo. Ndivyo nilivyokukuza.

Unajua Mama Felix amefanya nini? Ameyachemsha. Halafu akayachuja na kitambaa.

"Kulikuwa na vitu vyeusi, Mama Nalangu, nikaona nitoe."

"Hivyo vyeusi ndiyo dawa yenyewe."

"Ooh. Pole. Si mnielezee basi."

Nimwelezee! Na kibuyu akakirudisha ameosha na Omo. Povu lilikuwa bado ndani.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani walikaa benchi moja. Nimefikiria labda anamtafutia Felix mke. Halafu nikakumbuka Felix ako na kipara na watoto wanne. Lakini bado.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Resian alikuja na pakiti ya majani ya chai, akakaa kwa ngazi ya nje ili asishike moshi, mimi nikiwa ndani mlangoni. Tuliongea hivyo kama watu wa mahakama. Amesema bado tepe chache kumaliza, lakini Ouko anataka waende kwanza Isinya kuokoa shimo lililojaa maji.

Baada ya kuondoka nilikaa nikaangalia ile kebo mlangoni. Nyuzi mia mbili themanini na nane zinalala ndani ya kitu kama kidole, hakuna anayemsukuma mwenzake. Sisi wanawake wawili tuko na ekari nzima na haitutoshi. Si wivu. Ni kwamba mtu aombe kabla ya kuchukua.

Jumanne, 8 Aprili

Mama Felix amekuja na kitambaa kichwani, macho mekundu. Ndugu yake amekufa, anaenda Bungoma kuzika. Akanipa ufunguo wa nyumba.

"Fungua dirisha la jikoni asubuhi, ukungu usishike ukuta. Kile chumba cha kazi usijali, Resian amefunika kila kitu."

"Kwani huna mtu mwingine wa kuachia?"

"Nani mwingine nimpe?" Akaniangalia kama nimeuliza upuuzi. Nikampa mayai ya njiani. Mtu aliyefiwa ni mtu aliyefiwa.

Resian naye ameenda Isinya na Ouko. Watalala huko.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimefanya kitu kizuri, na nimefurahi, wacha nikwambie.

Nilienda kufungua dirisha kama nilivyoambiwa. Kile chumba cha kazi kinanuka, Nalangu. Kinanuka spiriti na unyevu, kama wodi. Mezani kuna lile kopo refu ambamo viungo vyote vitafungiwa kabla ya kurudishwa shimoni, liko wazi, na ndani vitrei vidogo vidogo. Kuna nyuzi zilizoungwa na nyingine zinangoja. Kuna ile mashine ya kuungia, wameifunika na taulo. Nikaweka pua ndani ya kopo. Harufu ya plastiki! Kitu kama hicho ndicho kitakaa chini ya ardhi miaka yote na kazi ya mtoto wangu ndani?

Najua Ouko alisema moshi ni mbaya. Alikuwa anasema moshi wa kupika. Huo hata mimi naujua, ni masizi ya sufuria. Moshi wa oloirien si moshi. Ni sabuni. Nani amewahi kuona kibuyu kimeoza kwa kusafishwa?

Nikaleta makaa matatu mazuri kwa mkebe. Nikafukiza kopo, nikalifunika na shuka kidogo, kama kibuyu. Nikainua taulo, nikapitisha mkebe kwa mashine pia, juu na chini, pole pole. Sikugusa kitu hata kimoja kwa mkono. Halafu nikafunika kila kitu vile kilikuwa, nikafungua madirisha.

Harufu ya spiriti ya kwa Mama Felix imekwisha pale. Resian akifungua, atanusa kwao.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama Felix amerudi. Amenikumbatia, nguo zote zinanuka moto wa matanga. Amelala nje na waombolezaji siku zote hizo. Nikampa ufunguo.

Jumatano, 16 Aprili

Resian amerudi juzi, hajaja kunisalimia. Hata neno juu ya harufu hajasema.

Alhamisi, 17 Aprili

Imekuwa mbaya.

Ouko alikuja na mashine ya kupima. Tepe za mwisho zote zimekataa. Resian akakata, akaunga tena, zikakataa. Nilikuwa kwa ua na nikasikia kila kitu.

"Resian, what's going on? Hizi loss ni za wapi, mwanga wote unapotea? Wiki mbili ulikuwa unaunga safi."

"Sijui, boss. Nimesafisha. Nimesafisha mara mbili."

"Hapa kuna harufu ya moshi. Hunusi?"

Halafu sauti ya Mama Felix, ndogo sana, sijawahi kuisikia hivyo. "Ni mimi. Nimetoka matanga. Niliingia na zile nguo, nikapanga mapazia."

"Mama! Si tulikuambia?"

"Nimekosa, baba. Nisamehe."

Nalangu, nilichukua kikombe changu nikarudi ndani.

Ouko ameamuru hicho chumba kifungwe, kisafishwe, na mtu asilale nyumba hiyo mpaka kazi iishe. Jioni Resian akaja na begi, nguo za kazi amezifunga kwa nailoni. Amelala kwa chumba chake, chenye chokaa.

Ndicho nilichokuwa nataka.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama Felix ameosha mapazia. Mvua inanyesha na yeye anaosha, anaanika kwa varanda, anaosha tena. Ukuta ameusugua na brashi. Hajatazama upande wangu.

Jumapili ya Pasaka

Nimepika pilau. Resian hakula. Akaniambia, "Kokoo, nimeshindwa kuelewa. Nimebadilisha kila kitu cha kubadilisha." Nikamwambia aombe. Mimi ukweli wa oloirien nimekuwa nikimwambia Mungu, maana yeye hatanijibu kwa mdomo.

Jumanne, 22 Aprili

Hii soma polepole.

Asubuhi nilivuka ile kebo na niliona kitu. Zamani ilipita mlangoni kwangu ikiwa imelegea, na pale dirishani ilikuwa na mzunguko mkubwa wa akiba umewekwa chini. Leo mzunguko haupo. Imenyooka kutoka shimoni mpaka dirishani, imekaza. Wameukata wote, kipande kwa kipande, wakitafuta kosa lililo mahali pengine.

Nikasikia Ouko ndani: "Tumebaki na cut moja. Moja tu, Resian. Hii ikikataa, napigia Nairobi walete kebo mpya, na mimi lazima niandike ni nani alikuwa anaunga."

Nilisimama. Nikafikiria hivi, na nakwambia ukweli kwa sababu wewe ni mtoto wangu: nikinyamaza, anaenda Eldoret, lakini anaenda akinipenda. Nikisema, labda anabaki, lakini anabaki akijua. Na Mama Felix atabaki na ile lawama yake, ambayo ilikuwa inaanza kunikaa vizuri. Ndiyo, Nalangu. Ilikuwa inanikaa vizuri. Nilikuwa napita na maziwa mbele ya ua wake nikiwa nimenyoosha shingo.

Ni wivu. Nimekataa hilo neno tangu Machi, wacha niliandike mara moja.

Nikaingia bila hodi. Mama Felix alikuwa amepiga magoti anasugua pembe ya ukuta. Resian ameshika ile mashine mkononi, anaiweka tayari.

"Weka chini hiyo," nikasema.

"Kokoo, si sasa."

"Weka chini. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Moshi ni mimi. Si matanga. Ninyi mlipokuwa Isinya nilileta oloirien nikafukiza hilo kopo. Na hiyo mashine pia, chini ya taulo."

Ouko alikaa chini kwa kiti kama mtu amesukumwa. "Mashine? Mama, ulifukiza mashine?"

"Kama kibuyu. Nilitaka iwe safi."

"Mia mbili... Mama... hii kitu..." Akaacha. Akaichukua, akafungua kile kifuniko chake, akaangalia na kile kioo cha kukuza. Kuna mifereji midogo kumi na mbili ambamo zile nyuzi hulala ziangaliane. Akapitisha pamba yenye spiriti. Pamba ilitoka na mstari mweusi, mwembamba kama wanja. Hapo ndipo kila uzi waliokuwa wanauosha ulikuwa unalazwa tena kwa moshi wangu.

Nikamwambia Resian, "Sema. Nitukane, mimi ni mtu mzima, nitavumilia."

Alikuwa anaangalia ile pamba. "Nilinusa, Kokoo. Siku ya kwanza tu nilipofungua taulo, nilinusa oloirien." Akaichukua mkononi. "Nikafikiri nimekukumbuka tu. Nikafikiri ni kichwa changu. Nikaona aibu kumwambia boss."

Nalangu, mimi nilikuwa nimekaa mwezi mzima nikisema huyu mtoto amenisahau.

Mama Felix aliinuka kwa magoti, pole pole, mkono mmoja ukutani. Nikamgeukia. Nikamwambia, "Mama Felix, nimekukosea."

"Nilikupa ufunguo," akasema.

"Ndiyo."

"Ndugu yangu alikuwa hajazikwa, na nilikupa ufunguo."

"Ndiyo."

"Na nikaomba msamaha mbele ya hawa vijana kwa kitu sikufanya, na wewe ulikuwa hapo kwa ua. Niliona leso yako."

Akatoka nje na ndoo yake. Maji aliyamwaga mbali, kwa maua, si miguuni kwangu. Angetaka angenimwagia.

Alhamisi, 24 Aprili

Wamesafisha mashine siku nzima, mfereji kwa mfereji. Wametupa kopo, wameleta jingine. Mimi nimezima moto. Nimekula mkate na maji. Resian ameniletea chai ya hoteli kwa kikombe cha karatasi, akakaa mpaka nimalize.

Ijumaa, 25 Aprili

Imepita. Nimesikia Resian akipiga kelele kama ameumwa na nyuki, nikakimbia na fimbo. Zote mia mbili themanini na nane. Ouko alinionyesha mstari kwa kioo cha mashine ya kupima, umenyooka, mteremko mdogo tu. "Hapa ndipo kiungo kiko, Mama. Huwezi hata kukiona." Nikamwambia mimi naona vizuri sana.

Injinia amenisamehe, nadhani. Ameniita "mama wa moshi" na akaomba maziwa. Ya kibuyu.

Jumamosi, 26 Aprili

Wamerudisha kebo shimoni wakafunga na kifuniko cha simiti. Mlango wangu uko wazi. Hakuna cha kuvuka.

Jumatano, 7 Mei

Nilimpelekea Mama Felix maziwa kwa chupa ya plastiki, sikuyafukiza. Alipokea kwa mlango, akasema asante, akafunga. Alisema "asante" ya mtu wa benki.

Jumapili, 11 Mei

Ameandikwa! Kazi ya kudumu, kituo Kajiado. Nilicheza hapa uani mpaka mbuzi wakakimbia. Halafu akaniambia amepata chumba huko huko mjini, kwa sababu wakati mwingine wataitwa alfajiri. Kwangu atakuja kila Jumamosi.

Kwa hivyo si kwangu, si kwa Mama Felix. Nilipomwona akibeba begi, Mama Felix alikuwa kwa ua wake na mimi kwa wangu, tukimwangalia mtu mmoja akiondoka. Alituaga wote wawili. Alianza naye. Kwa Mama Felix ni karibu na barabara, najua. Lakini alianza naye.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imepungua. Resian alikuja. Alikaa kwa Mama Felix mpaka chai ikaisha, halafu akaja kwangu mpaka jioni. Nimeona ni sawa. Nimeona ni sawa mara kadhaa leo.

Nilimuuliza, "Huyo kukhu wako anasemaje kunihusu?"

"Hasemi mabaya, Kokoo."

"Mazuri je?"

"Ananiuliza kama unakula."

Jumanne, 20 Mei

Leo Mama Felix ameongea nami. Alisimama kwa ua, akaangalia angani, akasema, "Mvua ya mwaka huu imeisha mapema." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ufunguo sitakupa tena." Nikasema usinipe. Halafu akauliza oloirien hupatikana wapi, kwa sababu panya wameingia stoo yake na amesikia moshi huo unawafukuza. Si kweli, haufukuzi panya. Nimempelekea vijiti.

Ijumaa, 23 Mei

Umepiga simu. Hatimaye! Umesema utakuja mwezi wa sita. Nimefurahi lakini sikukuonyesha. Ile ya kusoma mbele yangu nimekusamehe, haya maandishi nakutumia kwa gari la Magadi uyasome kabla hujaanza safari. Sasa sikiliza vizuri, maana najua ukifika utakimbilia hapa mlangoni ukiita Yeyo, Yeyo.

Usije kwangu kwanza. Ukishuka pale Noonkopir, nunua sukari na mkate mkubwa, na uende moja kwa moja kwa Mama Felix. Muite mama. Mpe pole ya ndugu yake, maana mimi nilimpa mayai tu na nikamharibia siku zake za kulia. Mwambie wewe ni mtoto wa yule mwanamke wa moshi, na kwamba mimi nimekutuma. Akikukaribisha ndani, kaa. Akikuwekea chai, kunywa, hata kama ni ya maji. Kikombe kimoja. Akitaka kukuongezea, funika na mkono useme umeshiba, kwa sababu mimi nitakuwa nimesimama hapa kwa ua nikiona.